Mwembe Ulioguguniwa na Mnazi Wenye Vidato

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shambani kwetu mbuzi waliguguna gome la mwembe mchanga, wakalizunguka shina lote kwa upana wa kiganja. Kwa muda wa miezi miwili majani yaliendelea kuwa mabichi, nikadhani mti umenusurika, kisha ukakauka wote. Jirani yake upo mnazi ambao wakwezi wameukata vidato tangu enzi za babu yangu, na hadi leo unazaa. Mwembe una udhaifu gani ambao mnazi hauna?
Msomaji, Muheza, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, miti hiyo haikupishana nguvu, imepishana mahali ilipoiweka mirija yake. Mimea itoayo maua husafirisha vitu kwa tishu mbili: zailemu, inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini, na floemu, inayosambaza sukari iliyotengenezwa majani. Katika mwembe, zailemu ndiyo mbao yenyewe, ilhali floemu imekaa upande wa ndani wa gome, na baina yake upo utando mwembamba wa seli zinazogawanyika, uitwao kambiamu. Ukibandua gome la tawi bichi, ule utelezi unaousikia kidoleni ndipo kambiamu ilipo (nawa mikono baadaye, maana utomvu wa mwembe huwasha).

Mbuzi hawakuigusa mbao, kwa hiyo maji yaliendelea kupanda. Sukari ndiyo iliyokwama juu ya jeraha. Mizizi ikaishi kwa wanga wake wa akiba, na ulipokwisha ikafa kwa njaa, majani nayo yakakosa maji. Mara nyingi ukingo wa juu wa jeraha la namna hiyo huvimba, na uvimbe huo Mwitaliano Marcello Malpighi aliuona katika karne ya 17 alipokuwa akibandua magome ya miti kwa kuizunguka.

Sasa tazama kisiki cha mnazi uliokatwa karibuni. Hutaona gome linalobanduka wala duara la kambiamu, bali nukta nyingi nyeusinyeusi, zilizosongamana zaidi kuelekea nje. Kila nukta ni kifungu chenye zailemu yake na floemu yake, kikiwa kimezungukwa na nyuzi ngumu, na shina moja lina maelfu ya vifungu hivyo. Kidato cha mkwezi hukata vichache tu, vingine vikaendelea na kazi. Hata hivyo, mnazi usiokuwa na kambiamu hauwezi kuziba jeraha, na ndiyo maana vidato vya zama za babu yako bado vinaonekana. Floemu ya chini ya shina hilo nayo haibadilishwi: seli zake zimekuwa hai kwa miaka yote ya mti. Udhaifu wa mnazi uko kileleni, kwani una chipukizi moja tu la kukulia. Mbawakawa mwenye pembe akilitoboa na kuliua, mti wote umekwisha, hata shina likiwa zima.

SWALI: Nilichonga jina langu kwenye shina la mwembe nikiwa mtoto. Kwa nini halijapanda juu pamoja na mti?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Kwa sababu mwembe hurefuka kwenye ncha za matawi peke yake. Shina lililokwisha kukomaa hunenepa tu, kambiamu ikiongeza mbao kwa ndani na floemu kwa nje. Hivyo jina lako litabaki kimo kilekile ulichochonga, ila herufi zitazidi kutanuka.