Re: Moldi ya boneti ya kaboni faiba, uso unatoka na vishimo na mikunjo

Mkuu, weka hiyo ndoo chini kwanza. Umeuliza kuhusu vishimo, mikunjo, aina ya nta na kitambaa gani cha kaboni ununue, lakini kilichonitoa jasho ni lile ulilolitaja kwa kupita tu: umbo lako, lile la ubao la kutolea moldi, limepigwa puti, limepakwa rangi ya NC (nitroselulosi), na Jumamosi unapaka jelikoti, ile resini nzito inayokuwa uso wa moldi. Hapo ndipo nilipozikwa mimi.

NC hukauka kwa thina kuruka, basi. Lowesha tambara kwa thina, sugua rangi pembeni. Rangi ikihamia kwenye tambara, stairini, kiyeyusho kilichomo kwenye jelikoti, nayo itailainisha, tena hiyo inakaa juu yake ikiwa mbichi. Usitegemee nta ikuokoe.

Aliyeniuzia vifaa aliniambia, kifua mbele, "piga nta nyingi, itatoka yenyewe." Ilitoka kweli: na rangi, na puti, na vipande vya ubao. Nimepigilia kabari za plastiki, nimepitisha maji, nimegonga kwa nyundo ya mpira mpaka jirani akaja kuuliza kama navunja nyumba. Mwisho patasi. Uso wa moldi ulikuwa umejikunja kama utando wa chai ya maziwa iliyopoa, na ndani ya kila kunjo kuna rangi nyekundu. Umbo limekufa, moldi imekufa, resini, mati ya nyuzi za kioo na hela ya kodi vyote jalalani. Nilipomrudia yule bwana akaniuliza kama nataka kopo jingine la nta. Nikacheka, maana kulia kaunta ni aibu.

Sasa sikia: kabla ya jelikoti kugusa boneti, tengeneza KIBAO. Kipande cha ubao uleule, puti ileile, rangi ileile, nta ileile, jelikoti na mati juu. Kiache kikauke, kibandue. Kikigoma, umepoteza kibao tu. Usiniambie huna muda. Muda wa patasi utaupata wapi?

Toa hiyo NC yote. Paka rangi ya 2K, ile ya kuchanganya na hadena, iache wiki nzima, kisha msasa wa maji 1200 na 2000. Nta iwe ya kutolea moldi, siyo ya kung'arishia gari yenye silikoni. Hiyo inafanya jelikoti ikimbie na kuacha macho macho.

Mikunjo isiyo na rangi ndani ni kesi nyingine: jelikoti nyembamba au hadena kidogo. Weka unene wa 0.5 hadi 0.8 mm, hadena asilimia 2 kwa uzito kama kopo halisemi vingine, na usilaze mati mpaka uguse kwa kidole inate bila kuchafua kidole. Vishimo ni hewa, koroga taratibu.

Jumamosi tupia picha ya kibao humu. Ya boneti sitaki kuiona.