Mwezi wa Padua, mwezi wa Shela: maswali ya wasomaji

Safari hii tunajibu wanaoandika, kuchora na kushona vitabu vya picha vya watoto juu ya maisha ya wanafalaki wa zamani.

Nachora maisha ya Galileo kwa watoto wa miaka sita hadi tisa. Mwezi nimeuiga kutoka vitabu vya Ulaya, lakini mwanangu anasema mwezi wangu "umesimama", haufanani na wa kwetu. Nani yuko sawa? (Mchoraji, Shela, Lamu)

Nyote wawili, dada. Mwezi ni mmoja, mahali pa kuutazamia ni pawili. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu hushuka karibu wima. Mwezi mchanga ukionekana baada ya magharibi, upande wake unaong'aa huelekea chini, kule lilikozama jua, na pembe zake hutazama juu kama dau lililotulia majini. Miezi mingine huinama kidogo kaskazini au kusini, ila haisimami. Padua, mji wa Italia alikokuwa Galileo, ni nyuzi 45 kaskazini. Huko jua hushuka kwa mshazari, na mwezi huohuo huonekana umeinuka, uking'aa upande wa kulia.

Basi picha ya Galileo akiwa Padua, mwezi usimame. Ukurasa unaomwambia mtoto "toka uani utazame", mwezi ulale. Mtoto atatoka kweli, na akikuta kitabu kimemdanganya juu ya kitu anachokiona kila mwezi, hatakuwa na sababu ya kukiamini juu ya vile asivyoviona.

Kuna kosa jingine tunaloliona sana: nyota iliyochorwa katikati ya pembe za mwezi. Pale si pengo, ni mwili wa mwezi wenyewe usiopigwa na jua, na nyota iliyo nyuma yake haionekani. Chora kwanza duara zima kwa penseli, panga nyota zako nje yake, kisha futa.

Darubini nayo usiifanye mzinga wa shaba. Ya Galileo ilikuwa bomba jembamba la karibu mita 1, lenye lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo jichoni, ikikuza karibu mara 20. Taswira yake haikupinduka, lakini ilikuwa finyu mno: hakuweza kuuona mwezi wote kwa mtazamo mmoja. Ukichora "alichokiona Galileo", kichore kipande cha mwezi, mpaka wa mwanga na giza ukiwa umechongoka kwa vivuli vya milima. Kutokana na vivuli hivyo alitambua kwamba uso wa mwezi si laini.

Kwa Mshtarii, fuata tarehe. Usiku wa 7 Januari 1610 aliona nyota ndogo tatu, mbili mashariki na moja magharibi ya sayari. Usiku uliofuata zote tatu zilikuwa magharibi. Ya nne aliiona tarehe 13: kumbe zote ni miezi inayoizunguka Mshtarii. Wachoraji wengi huzipanga zote nne usiku wa kwanza, na hapo utamu wote wa kisa humwagika. Mpe kila usiku kisanduku chake, mtoto ahesabu mwenyewe. Na ukiendelea na Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, usimshikishe darubini kabisa: alifariki 1601, na habari za darubini zilianza kuenea 1608. Yeye alipima kwa macho na vipimio vikubwa vyenye alama za nyuzi.

Niwaite "wanajimu"? (Mwalimu wa madrasa, Langoni)

Hapana, ustadh. Mnajimu kwa watoto wetu ni mtabiri. Andika "mwanafalaki", ingawa hata falaki ina sura mbili: kupiga falaki ni kuagulia, elimu ya falaki ni kuchunguza mbingu. Kepler, mwanafalaki Mjerumani wa enzi ya Galileo, alifanya yote mawili, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuambiwa hivyo waziwazi. Sayari ziite Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Usimsahau al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi aliyeandika kitabu cha nyota karibu mwaka 964. Jina Aldebaran latokana na Kiarabu *ad-dabaran*, yaani mfuasi, kwa sababu nyota hiyo huifuata Kilimia. Hilo mtoto hulishika papo hapo, kwa kuwa Kilimia anaijua.

Nataka kitabu changu kiseme nahodha Mwarabu Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi. Kuna ubaya? (Mwalimu wa darasa la nne, Malindi)

Upo, mwalimu. Kwamba mfalme wa Malindi alimpa rubani, na kwamba jahazi zilitweka 24 Aprili 1498 na kufika pwani ya India mwezi uliofuata, hayo andika. Lakini shajara ya safari haikutaja jina la Ibn Majid. Jina lake liliingia katika kisa hiki miongo mingi baadaye, na wataalamu wengi wa maandishi yake wanalikataa dai hilo. Ibn Majid wa Julfar, bandari ya kale ya Uarabuni, anastahili kitabu chake mwenyewe, kwa elimu yake ya nyota na bahari.

Mpe mtoto kipimo cha manahodha, cha kupimia kimo cha nyota juu ya upeo, akitengeneze. Kata kadi ngumu yenye kimo cha sm 7, toboa katikati, pitisha uzi, ufunge fundo nyuma, kisha piga fundo la pili sm 40 kutoka kwenye kadi. Fundo hilo huumwa kwa meno, uzi ukinyooshwa. Ukingo wa chini ukikaa kwenye upeo wa bahari, kadi hufunika nyuzi 10. Chora mstari katikati, sm 3.5.

Desemba, jioni, tazama mashariki nyota tatu za mkanda wa Orion. Subiri zifike kwenye mstari, andika saa. Baada ya dakika kama 20 zitakuwa kwenye ukingo wa juu. Usianzie kwenye upeo wenyewe, kwani utusitusi wa baharini huzificha nyota zikiwa chini. Vipimo vikiyumba, mara nyingi uzi umelegea. Nyota ya Kaskazini usiitie katika zoezi: kutoka Malindi na Lamu iko chini ya upeo.

Pini za vijitabu vyetu huota kutu na kuchafua kurasa za kati. (Maktaba ya mtaa, Mkomani)

Ni unyevu na chumvi ya bahari. Shoneni kwa uzi. Karatasi sita za A4 zikikunjwa hutoa kurasa 24 za A5. Jalada liwe la karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sm 3 kutoka kila ncha. Kateni uzi wa pamba wa sm 55, uliopakwa nta. Ingieni tundu la kati kutokea ndani, tokeni la juu, rukeni hadi la chini, rudini la kati, kisha fungeni fundo ndani, ncha mbili zikiwa pande mbili za uzi mrefu. Uzi usipobanwa na fundo, kurasa zitacheza.

Jalada la anga jeusi hupasuka rangi kwenye mkunjo. Likwaruzeni kwanza kwa mgongo wa kisu butu, ndipo mkunje.