Uchumi ukikua, mto unasafika wenyewe?

Swali: Mtaalamu, kuna ile grafu ya kilima, eti nchi ikianza kukua kiuchumi mito inachafuka, ikishatajirika inasafika tena. Sasa si bora tujenge viwanda kwanza, mto tutausafisha baadaye?

Jibu: Ndugu, grafu ipo kweli ila wengi wanaisoma vibaya. Iliyopata umaarufu ni ya wanauchumi Grossman na Krueger, 1995, walichukua data za mito ya nchi nyingi wakazilinganisha na pato la mtu kwa mwaka, wakaona vipimo vingi vinaharibika kwanza halafu vinapata nafuu kabla hata pato halijafika dola 8,000 kwa bei za 1985. Lakini haohao waliandika kwamba hilo halijitokezi lenyewe tu, na hapo ndo watu wanaruka.

Angalia Thames, mto unaopita London. Mwaka 1858 uvundo uliwafikia mpaka wabunge, ikajengwa mifereji mikubwa, ila ile iliusogeza tu uchafu upande wa chini ya mto. 1957, London ikiwa tajiri karne nzima, mto ukatangazwa umekufa. Salmoni walianza kuonekana tena 1974, baada ya mitambo ya maji taka kuboreshwa. Hela ilikuwepo siku zote jamani, kilichokosekana ni uamuzi wa kuitumia huko!

Halafu inategemea uchafu gani. Maji ya chooni yakiingia mtoni bakteria wanayala, na wanavyokula wanamaliza oksijeni iliyoyeyuka, ikishuka chini ya miligramu 2 au 3 kwa lita samaki wengi hawatoboi. Huo ukiuzuia mto unapata nafuu haraka, maana maji yanayotiririka yanachukua oksijeni mpya hewani, kwa hiyo kilima unakiona vizuri. Naitreti ya mbolea ni habari nyingine, haina bomba moja la kuziba, inatoka kila shamba, ndo maana Marekani pamoja na utajiri wake wote mto Mississippi bado unamwaga virutubisho hivyo vya mbolea Ghuba ya Mexico, mwani unastawi, ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na kila kiangazi kunakuwa na eneo kubwa lisilo na oksijeni.

Kwa hiyo kabla ya kusema baadaye, uliza kiwanda kinatoa nini. Kama ni metali zenye sumu kama zebaki, risasi au kadimiamu, hizo haziozi, zinakaa kwenye tope la chini miaka na miaka na mafuriko yakija yanazitibua upya, hapo mtambo wa kusafisha maji taka yake weka kabla kiwanda hakijawashwa.