Marbury na Sanamu ya Beijing

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nasikia kwamba Stephon Marbury, Mmarekani aliyewahi kung'ara katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, amejengewa sanamu Beijing. Alifikaje huko, na kwa nini akapendwa kiasi hicho? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marbury, mzaliwa wa Brooklyn, aliiaga NBA mwaka 2009 akiwa na Boston Celtics, na Januari 2010 akajiunga na timu moja ya jimbo la Shanxi nchini China, kisha akachezea timu ya Foshan kabla ya kuhamia Beijing Ducks mwaka 2011. Timu hiyo, ambayo haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa ligi ya kikapu ya China, iliupata mwaka 2012, ikaurudia 2014 na 2015. Sanamu ilizinduliwa mwaka ule ule wa ubingwa wa kwanza.

Hata hivyo, mimi naamini vikombe pekee havielezi mapenzi hayo. Wamarekani wengi huenda ng'ambo kwa msimu mmoja, wakalipwa na kurudi kwao. Yeye aliyahamishia maisha yake Beijing, akapanda treni za chini ya ardhi pamoja na wakazi, na hatimaye akapewa kibali cha ukaazi wa kudumu, ambacho wageni wachache mno hukipata. Alistaafu Februari 2018, na mwaka 2019 akawa kocha wa timu nyingine ya jiji hilo hilo.