Leza ya bastola: anza na swichi, rangi baadaye

SWALI: Fundi, shikamoo. Nanunua korosho na ufuta huku Masasi. Bastola yangu ni Glock 43, ninaimiliki kihalali mwaka wa nne sasa, naivaa kiunoni chini ya shati. Nimeshavuka miaka hamsini na macho yameanza kunisaliti: giza likiingia, kile kilengeo cha mbele ninakiona kama ukungu. Kijana wangu aliyeko Dar anataka kuniagizia leza ya kijani mtandaoni, anasema nyekundu imepitwa na wakati. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kijana wako hajakosea, ila ameanzia mwisho. Leza ya bastola inayofichwa nguoni huwa naichagua kwa namna inavyowaka na mfuko wa bastola (ile ala ya kuivalia kiunoni) itakaokaa. Rangi huwa naizungumzia tukishamaliza hayo.

Lakini kwanza macho, maana ndiyo yaliyokuleta. Umri ukisogea, jicho linashindwa kushika kitu cha karibu, na kilengeo cha mbele kiko umbali wa mkono tu. Leza ni kitaa kinachotupa nukta ya mwanga kwenye shabaha, na inakusaidia kwa sababu nukta hiyo hukaa kule kule unakotazama, kwa hiyo jicho halilazimiki kurukaruka kati ya kilengeo na shabaha. Hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo pitia kliniki ya macho kwanza. Nimewaona wawili watatu waliokuja kutafuta leza wakaondoka na ushauri wa kupima miwani, na hawakurudi.

Sasa swichi. Ziko leza unazowasha kwa kubonyeza kitufe cha pembeni, na ziko zinazowaka zenyewe ukishaikamata bastola sawasawa, kwa sababu kitufe kimewekwa pale kidole cha kati kinapobana mpini, chini ya upinde unaokinga triga. Kwa mtu anayevaa bastola kiunoni, mimi huitaka hii ya pili. Moyo ukidunda na mikono ikitetemeka, hakuna anayekumbuka kutafuta kidude cha kubonyeza. Nilimpa mteja mmoja wa Newala, mtu makini kabisa, bastola tupu yenye leza ya kitufe cha pembeni, nikamwambia aitoe haraka na kunionyesha nukta ukutani. Mara ya kwanza hakuiwasha kabisa. Mara ya pili aliiwasha, lakini kidole gumba kilikuwa kimehama kwenye mpini na bastola imelala upande. Hapo tulikuwa ndani ya chumba chenye feni, hakuna mtu anayemtisha.

Ubaya wa ile inayowaka yenyewe ni kwamba inawaka hata usipotaka. Ukiikamata bastola kuitoa kiunoni uiweke kabatini, mwali wa mwanga wake unapita ukutani, sakafuni, na ukizembea unapita kwenye jicho la mtoto. Leza hizi nyingi zina nguvu isiyozidi miliwati 5. Ni ndogo kwa namba, lakini kwa jicho si ya kuchezea. Hakikisha unayonunua ina swichi kuu ya kuizima kabisa.

Tuje kwenye mfuko, ambako watu wengi hula hasara. Glock 43 haina reli, yaani mifereji ya kuchomekea vifaa, chini ya mtutu, kwa hiyo zile leza za kuchomeka kwenye reli hazikuhusu, hata kama tangazo linasema zinaingia bastola zote. Kwako inafaa ile inayobana upinde wa triga. Ikishabanwa, bastola imepata kidevu, na mfuko wako wa sasa hautaikubali tena. Usije ukaitanua ngozi kwa nguvu, wala usichonge plastiki kwa kisu. Mfuko uliolegea huacha bastola icheze, na ukingo uliokunjika unaweza kuingia kwenye triga wakati unairudisha kiunoni. Nunua mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya bastola hiyo ikiwa na leza hiyo. Kama mfuko huo haupatikani, basi hiyo leza si yako, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Kuna leza za aina nyingine mbili nitazipitia haraka. Moja inakaa ndani, mahali pa ile fimbo inayobeba springi chini ya mtutu. Haibadilishi umbo la bastola, mfuko wako wa zamani unaendelea, lakini unaondoa kiungo kinachofanya kazi kila unapopiga na kuweka kingine chenye betri ndani. Mimi siipendi, na mafundi wenzangu wanajua. Nyingine iko kwenye mpini na mwali wake hutoka upande wa kulia wa bastola. Kwa rivolva ndogo ni nzuri sana. Shida yake, mtu wa mkono wa kulia akinyoosha kidole pembeni ya bastola, nje ya triga, kama anavyotakiwa, kidole hicho hicho huziba mwali.

Na rangi, basi. Jicho la mwanadamu mchana huona vizuri zaidi mwanga wa kijani unaoelekea njano, karibu na nanomita 555 (kipimo cha wimbi la mwanga, ndicho kinachotofautisha rangi). Leza za kijani za siku hizi ziko 520 hivi, nyekundu za bei rahisi ziko 650, pembeni kabisa ya uwezo wa jicho. Kwa hiyo zikiwa na nguvu sawa, kijani huonekana kung'aa mara kadhaa zaidi. Nyekundu ya 635 iko katikati: inang'aa kama mara mbili ya ile ya 650, na maduka mengi hayakuelezi tofauti hiyo. Soma maandishi ya kwenye boksi. Kuna pia kijani cha zamani cha 532, kinachopatikana kwa kupitisha mwanga usioonekana kwenye fuwele. Hicho husumbuliwa na joto na baridi na hula betri. Kikiandikwa 532 kwa bei ya kutupa, kiache.

Niliwahi kusimama renji, uwanja wa kulengea shabaha, jua la saa saba mchana, mchanga mweupe, nikiwa na leza nyekundu ya 650. Shabaha ikiwa mita 10 nilikuwa naitafuta nukta kama mtu aliyedondosha sindano. Jioni ya siku hiyo hiyo nukta ile ile ilikuwa inaonekana mpaka ukuta wa mbali. Wewe umesema tatizo lako ni usiku. Usiku nyekundu ya 635 inatosha, betri yake hudumu zaidi, na bei yake ni nafuu. Ukitaka leza ya mchana pia, ongeza pesa uchukue kijani cha 520. Hapo ndipo neno la kijana wako linapopata mahali pake.

Kabla hujalipa, uliza leza inatumia betri gani. Zile bapa kama sarafu, zilizoandikwa CR2032, unazipata kwa mafundi saa na kwa wauza rimoti za magari. Zile nene fupi, 1/3N, jiandae kuziagiza Dar. Badilisha kila msimu wa korosho unapofunguliwa, hata kama nukta bado inawaka.

Leza ikishafungwa inatakiwa ioane na risasi, na hili halimalizwi mezani. Chukua mfano wa leza iliyokaa sentimita 3 chini ya mtutu. Ukiifunga ili nukta na tundu la risasi vikutane mita 10, basi kwenye mita 5 risasi itapiga sentimita 1.5 juu ya nukta, na kwenye mita 20 itapiga kama sentimita 3 chini yake. Kwa umbali wa kujihami hiyo si tofauti ya kukunyima usingizi. Kinachotia wasiwasi ni skrubu. Tia tone la gundi ya skrubu, ile ya bluu inayofunguka kwa bisibisi, kisha piga risasi ishirini hivi na utazame kama nukta imehama. Najua risasi ni ghali. Lakini leza ya kuchezea iliyouzwa kama ya bastola hujulikana hapo tu.

Usiache kufanya mazoezi ya vile vilengeo vya chuma. Betri huisha, na chumvi ya bahari yetu ukiwa Mtwara au Lindi haina huruma, kioo cha leza hupata utando, jasho na nyuzi za shati huongezea. Futa kwa pamba ya kijiti kila unaposafisha bastola, na usikipake mafuta.

Kuhusu kuagiza mtandaoni: bastola yako imo kwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya yako umweleze unachotaka kufunga kabla kifurushi hakijatoka kokote. Kikishafika bandarini au uwanja wa ndege kikiwa hakina maelezo, kijana wako ndiye atakayeitwa kujieleza, maana jina la kwenye kifurushi ni lake.

Ukiteremka Mtwara, pita tuipime. Njoo na leseni na mfuko unaoutumia sasa, bastola ikiwa tupu na magazini imetolewa. Risasi ziache Masasi.