Kabla ya Dawa, Fungua Kabati la Chini ya Sinki

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya harufu. Kipupwe kimeingia, madirisha yanafungwa usiku, na kile ambacho upepo ulikuwa ukikichukua sasa kinabaki jikoni. Yaliyofanana nimeyaacha, nimechukua yale ambayo jibu lake litamfaa na jirani.

Fundi, sinki linanuka. Nitumie dawa gani? (Wasomaji wengi, Tanga mjini)

Sijui, na hakuna fundi atakayejua kwa swali la namna hiyo. Ni sinki la jikoni au beseni la kunawia? Harufu ni ya mayai viza, ya mafuta yaliyochacha, au ya choo? Inakuja asubuhi tu, au mtu akivuta maji chooni, au mvua ikinyesha? Ukifungua kabati la chini inazidi, au iko vile vile? Nimeyaomba haya mara nyingi katika safu hii na nitaendelea kuyaomba, kwa sababu kila jibu linakupeleka mahali pengine. Anayeanza na dawa ameshaamua chanzo kabla ya kutazama, na hela yake inaishia dukani.

Shikamoo fundi. Sinki la jikoni linanuka mafuta yaliyochacha. Nimemwaga dawa ya kuzibulia, nikamwaga Jik, nikamwaga na asidi ya kusafishia choo. Harufu inaondoka siku mbili tatu, inarudi. Chini kuna lile bomba jeupe la kukunjakunja. (Binti wa Makorora)

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, Mungu akubariki. Lakini kabla ya bomba nakusihi jambo moja: usirudie tena kumwaga Jik na asidi kwenye tundu moja, hata kama umepisha muda kati yake. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari kwenye vita ya Ulaya mwaka 1915. Majiko yetu ni madogo, dirisha moja, na mara nyingi kuna mtoto mgongoni. Kama siku ile ulikohoa na macho yakawasha, sababu ni hiyo. Dawa za kuzibulia nazo nyingi ni kostiki soda; ikikutana na maji inapata moto mkali na inaweza kukurukia usoni. Mwenye kulazimika kuitumia avae glavu, afungue mlango na dirisha, na asichanganye na kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye bomba. Hilo la kukunja ndilo ninalopigana nalo miaka yote, na nitalipigia kelele mpaka maduka yaache kuliweka mbele. Kila mkunjo wa ndani unashika kitu: tui, mafuta ya samaki, chembe za wali, machicha yaliyoponyoka. Mapishi yetu ya pwani ni ya nazi, na mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Usiku wa kipupwe bomba linaweza kufika huko. Mafuta yanaganda mkunjoni, bakteria wanaota juu yake ute mweusi, na ute huo ndio unaonuka. Dawa inaondoa tabaka la juu tu. Lililobaki chini linakua tena, ndiyo maana siku mbili tatu unarudi pale pale.

Kuna ubaya wa pili. Bomba hilo halishiki umbo. Aliyelifunga alilipinda ili mpindo ubaki na maji, lakini ndoo ikiligonga au likilegea kwa uzito, mpindo unanyooka. Maji yakishatoka hapo, hewa ya chemba inapanda bila kizuizi, kwa sababu kati ya jiko lako na shimo hakuna kitu kingine kinachoizuia isipokuwa maji hayo ya kwenye trapu, yaani sehemu ya bomba inayobaki na maji. Kina chake kinatakiwa kiwe sentimita 5 mpaka 7 na nusu. Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Uskoti, alipewa hataza ya choo chenye mpindo wa maji mwaka 1775. Kwa hiyo fundi wa leo anayekuachia bomba lililonyooka hawezi kusema jambo hili ni geni.

Fanya hivi. Weka ndoo chini, fungua nati kwa mkono, toa bomba lote na ulitupe, usijaribu kuliosha. Nunua trapu ngumu ya inchi moja na nusu. Ziko za mpindo na ziko za chupa. Ya chupa kikombe chake kinafunguka kirahisi, lakini kinakusanya masalia, kwa hiyo jiko linalopika nazi kila siku mimi nalifungia ya mpindo, maana maji yanaisukuma taka yenyewe. Kutoka hapo hadi ukutani weka PVC ngumu, iiname kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita. Ukimaliza jaza sinki, achia maji yote kwa mkupuo, kisha pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila ungio. Karatasi ikilowa, raba haijakaa; fungua, iweke sawa, kaza tena.

Tazama na tundu la ukutani. Bomba likiingia na kuacha mwanya, harufu inapita kandokando hata trapu ikiwa nzuri kiasi gani. Wenzangu wengi husokomeza tambara hapo. Tambara linalowa, linaoza, nalo linaongeza harufu yake. Paziba kwa raba ya saizi ya bomba au kwa silikoni. Halafu toka nje, inua kifuniko cha galitrapu, ile trapu ya nje inayopokea maji ya sinki, toa masalia yaliyolala humo ukiwa umevaa glavu. Na kuanzia leo sufuria la mchuzi lifutwe kwa gazeti kabla ya kuoshwa. Machicha wape kuku.

Bekingi soda na siki je? Nimeona video. (Wasomaji watatu)

Povu ni zuri kulitazama, lakini viwili hivyo vinaondoleana nguvu papo hapo. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Brashi ndefu na sabuni ya vyombo vitakusaidia zaidi. Tafadhali lisije tena swali hili.

Nyumba yetu ya Raskazone inafungwa miezi mitatu minne. Tukifika kutoka Dar inanuka choo kila chumba chenye maji. Je, mabomba yamepasuka? (S., Dar es Salaam)

Hayajapasuka. Maji ya kwenye trapu yamekauka. Mwaga lita moja au mbili kila tundu, na msisahau matundu ya sakafu ya bafuni, ambayo watu huwa hawayakumbuki kabisa. Siku ya kuondoka mwaga maji, kisha juu yake kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia ya maji, yale yasiyoganda. Mafuta yanaelea na kupunguza maji kukauka. Kama kuna mlinzi, afadhali apewe kazi ya kumwaga kopo la maji kila tundu mara moja kwa wiki mbili. Akiingia atagundua na paa linalovuja.

Tunakaa ghorofa ya kwanza, Chumbageni. Jirani wa juu akimwaga ndoo ya kufulia, sinki letu linasema "gulu gulu" kisha harufu inaingia. Fundi ameshabadilisha trapu mara mbili. (Mama wa Chumbageni)

Mama, trapu haina kosa, na aliyeibadilisha mara ya pili alitakiwa kusimama na kusikiliza ile sauti. Maji mengi yakishuka kwa kasi kwenye bomba kubwa yanavuta hewa nyuma yake. Hewa isipopatikana kwa njia yake, inavutwa kupitia trapu yako, na maji ya trapu yanaondoka nayo. "Gulu gulu" ndiyo sauti ya maji hayo yakinyonywa. Dakika chache baadaye harufu inapanda kwa sababu mpindo umebaki mtupu. Hata ukifunga trapu ya dhahabu, jirani akimwaga ndoo nyingine itanyonywa.

Kinachotakiwa ni bomba la hewa: lile bomba kuu la maji machafu liendelee hadi juu ya paa na libaki wazi, likiwa na kofia ya wavu tu. Mwambie mwenye nyumba apandishe mtu juu akaangalie. Mara nyingi bomba lipo, ila ndege wamejenga kiota, au fundi wa paa aliliona linamkera akalikata na kulifunika kwa bati. Hilo la kufunikwa limenikasirisha kwenye majengo mengi ya mji huu. Kama halikuwekwa tangu mwanzo, liwekwe sasa, lipitie nje ya ukuta. Ziko pia valvu ndogo zinazoruhusu hewa kuingia bila kutoka. Zinasaidia sinki moja moja pale ambapo bomba jipya haliwezekani, ila raba yake huchoka, kwa hiyo ikae mahali inapoweza kufikiwa.

Wakati mnasubiri, kila mkisikia ile sauti mwageni kopo mbili za maji kwenye sinki. Trapu itajaa tena na harufu itakatika.

Beseni la kunawia linanuka lakini trapu ni safi na haivuji. (Mwalimu, Usagara)

Lile tundu dogo la juu, karibu na ukingo, linalozuia beseni lisifurike. Njia yake ya ndani imejaa ute. Brashi nyembamba, maji ya sabuni, na uyamwage kwa kopo kupitia tundu hilo mpaka yatoke safi.

Masika iliyopita kila mvua kubwa ikinyesha sinki na choo vinanuka, maji yanashuka polepole. Kijana mmoja amesema atashuka shimoni aangalie, bei nafuu. (Baba wa Mikanjuni)

Usimruhusu. Naanza na hilo kwa sababu mengine yanaweza kusubiri. Shimo la maji taka lina gesi ile inayonuka mayai viza, haidrojeni salfaidi, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini. Ikizidi kiwango inaua uwezo wa pua kuinusa: mtu anadhani harufu imeisha, kumbe ndipo ilipokuwa kali. Anaanguka. Wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Hivyo ndivyo watu wa familia moja wanavyokufa kwenye shimo moja. Kitambaa puani hakizuii gesi, na kuacha kifuniko wazi tangu asubuhi hakutoshi. Mtu akianguka humo, usimfuate. Ita zimamoto kwa 114.

Harufu yako inaonyesha shimo limejaa au ardhi inayolizunguka imelowa kiasi cha kutopokea maji zaidi. Maji yasipopata pa kwenda, gesi inarudishwa ndani. Ita gari la kunyonya maji taka sasa hivi wakati wa kiangazi, usingoje Machi ambapo kila mtu analitafuta. Kisha angalia maji ya paa yanakwenda wapi. Nyumba nyingi zimeelekeza mifereji ya mvua kwenye chemba ya choo ili uwanja usilowe, na kila masika wanashangaa. Maji ya mvua yapewe njia yake. Na kifuniko cha shimo kiwe cha zege zima, kisichopasuka, maana watoto wanacheza juu yake.

Maji yenyewe yananuka mayai viza, sinki na bafuni. Tuna kisima. Nimeshabadilisha mabomba ya chini yote. (Msomaji, njia ya Amboni)

Kabla ya kubadilisha ungejaribu kitu cha bure: kinga maji kwenye glasi, toka nayo uwanjani mbali na sinki, unuse. Yakinuka huko, mabomba ya maji machafu hayahusiki. Na wewe wa upande huo unajua chemchemi za Galanos, maji ya moto yenye salfa yanayotoka ardhini yenyewe. Ardhi ya huko ina historia hiyo, ingawa si kila kisima kinachonuka kina salfa ya mwamba. Mara nyingine ni bakteria waliomo kisimani au kwenye tangi.

Nusa maji ya kisimani moja kwa moja, kisha ya tangini. Yakinuka ya tangi peke yake, lioshe, liue vijidudu kwa klorini, na ulifunike vizuri. Yakinuka ya kisima, yapitishe hewani kabla ya kuhifadhi: yaingie tangini kwa kumwagika kutoka juu kama mvua, tangi likiwa na tundu la hewa lenye wavu. Sehemu kubwa ya gesi itaondoka. Maji ya kunywa yapeleke kupimwa hata kama harufu imekwisha.

Nimiminie maji yanayotokota kila wiki? (Mama lishe, Ngamiani)

Ya moto, ndiyo, yanayotokota, hapana. Bomba la PVC limetengenezewa maji yasiyozidi nyuzi 60 hivi. Yakizidi, linalainika, linalegea kwenye maungio, na lile sufuria la maji ya ugali unalolimwaga jioni limo kwenye hesabu hiyo. Liache lipoe kwanza au changanya na maji baridi sinkini. Kwa biashara kama yako, mama, weka kikasha cha kunasia mafuta kabla ya chemba, na ukisafishe kila wiki. Utakitukana siku ya kwanza.

Mwenye nyumba anasema harufu ni uchafu wangu, nitengeneze mwenyewe. (Mpangaji, Duga)

Mimi nahukumu hivi. Trapu iliyokosekana, bomba la hewa lisilokuwepo, shimo lililojaa maji ya mvua na bomba la kukunja ulilolikuta ni vya mwenye nyumba, kwa sababu vilikuwepo kabla hujaingia. Mafuta, wali na magamba ya samaki ni vyako. Fungua kabati la chini mkiwa wote wawili, piga picha, mtumie. Na akikubali kutengeneza, uwepo siku fundi anakuja, uangalie ameshika nini mkononi. Ukiona lile bomba jeupe la kukunja, mrudishe dukani kabla hajafungua begi lake.