Thrush, manowari aliyoitaja babu

SWALI: Marehemu babu alikuwa akitusimulia vita vya dakika 38 vya Unguja, na hakuacha kuitaja manowari aliyoiita "Thrashi". Ilikuwa meli gani, nayo iliishia wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Babu hakukosea, ndugu yangu. Ni Thrush, jina la ndege mwimbaji wa Ulaya. Meli zote za aina yake zilipewa majina ya ndege. Mwenzake Sparrow, yaani Shomoro, naye alikuwepo bandarini asubuhi ile. Thrush iliundwa Greenock, Scotland, ikashushwa majini 1889: mita 50 tu, mizinga sita, mabaharia wasiofika mia. Mwaka 1890 ilikuwa chini ya mwanamfalme George, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano.

Sasa njoo Agosti 27, 1896. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Unguja bila ridhaa ya Waingereza, yumo jumbani, nao wamempa hadi saa 3 asubuhi ateremshe bendera. Hakuiteremsha. Saa 3:02 mizinga ikaanza, na papo hapo Thrush ikaung'oa mzinga mmoja wa jumbani. Mashua mbili za mvuke za Sultani zikaikabili, watu wake wakiipiga kwa bunduki. Bunduki kwa manowari! Thrush ikazizamisha zote mbili. Hao ndio huwa nawafikiria kila nikisoma habari hizi.

Wengi hulitaja tukio hili kwa kicheko, eti vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi silipendi hilo. Upande wa Khalid watu 500 hivi waliuawa na kujeruhiwa katika dakika hizo. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja tu, wa Thrush hiyohiyo, naye akapona. Glasgow, meli ya Sultani, ilizama palepale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini hadi 1912. Mtoto wa Forodhani aliyezaliwa mwaka wa vita alikua akiitazama.

Thrush yenyewe ilikwenda kwao ikalinda pwani. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, ikapewa kazi ya kuokoa meli zilizopata ajali. Aprili 1917 ikapata ajali yake, karibu na Glenarm, kaskazini-mashariki mwa Ireland, ikavunjika hukohuko.